Fundi picha wa Mkunazini: kwanza anasoma, ndipo anagusa

Ukiwa na picha za zamani za ukoo, na hakuna tena aliye hai wa kukueleza nani ni nani, usianze kwa mtu wa kuzing'arisha. Anza kwa huyu Fundi. Duka lake halina kibao. Unatoka Soko la Darajani, unaingia njia ya Mkunazini, unawapita wauza vitambaa, na kabla hujafika kanisani kuna kichochoro chenye mlango wa mbao uliobanduka rangi. Juu ya mlango pametundikwa rafadha ya ndege ndogo, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya ndege, na panga lake moja limekatika ncha. Waulize waliokaa barazani, "kwa Fundi wa rafadha", watakuonyesha kwa kidevu.

Nimekwenda kwake mara tatu mwaka huu, kila mara kwa boti kutoka Pemba. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kazi hii sikuona hata mstari mmoja wa Kiswahili wa kuniongoza, na kukosa huko kumetugharimu fedha na miaka.

Picha zetu ni 11. Zilikaa kwenye kopo la biskuti la Huntley & Palmers chini ya kitanda cha bibi yangu, Wete, na ndani ya kopo bibi alitia konzi mbili za karafuu ili wadudu wasiingie. Bibi alifariki 1991, kopo likabaki kwa mama. Mama alizaliwa 1952. Baba yake alikuwa Mwingereza, bwana shamba aliyeletwa Pemba baada ya vita, miaka ile mikarafuu ilipokuwa ikifa ghafla na serikali inahangaika kutafuta sababu. Alisilimu, akamuoa bibi kwa kadhi, wakakaa pamoja pungufu ya miaka mitatu, kisha akaitwa kwao na hakurudi. Hati ya ndoa tunayo, lakini imeandikwa jina alilosilimia na ubini wa Abdalla, kama wanavyoandikwa wengi wanaosilimu. Wete nzima ilimwita Bwana Shamba, basi. Kwa hiyo mama amefika umri wa zaidi ya miaka 70 hajui jina la ukoo la baba yake, wala sura yake. Vijana wa Kizungu mle koponi wamo tele, wamevaa kaptura, wamesimama na ndege. Yupi sasa? Kaka yangu mkubwa alishikilia kuwa ni yule mrefu wa katikati anayecheka. Sisi wengine tukanyamaza, maana hatukuwa na hoja.

Bibi naye alikuwa na neno lake moja. Ukimuuliza habari za mumewe atakwambia, "Babu yenu alifunzwa kuruka kwa kanga." Hasemi zaidi. Tulijua ni maneno ya mapenzi, kwani ipo kanga aliyomnunulia, nyekundu, na bibi alizikwa haijaguswa na sabuni mara tatu. Watoto tulijifunga kanga mabegani tukaruka kutoka ukingo wa kisima, tukisema tunaruka kama babu.

Sasa nieleze lilipoanza kosa. Mwaka juzi nilipeleka picha mbili kwenye duka moja la mjini, sitalitaja, wakaziskani na "kuzisafisha" kwa kompyuta. Nililipa 25,000. Zilirudi zimekaa kama za jana: nyuso laini, meno meupe, mikwaruzo hakuna. Nilifurahi kwa dhati. Niliziwekea fremu nikamtundikia mama sebuleni.

Siku ya kwanza kwa Fundi nilizichukua na hizo za fremu, nimuonyeshe kazi ya namna ninayoitaka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa Pemba weye?"

"Wa Wete."

"Karibu. Weka kopo hapo, usilifungue. Kanawe mikono kwanza, sabuni iko kwenye beseni."

Nilipokausha mikono akatandika kitambaa cheusi mezani, akafungua kopo mwenyewe, akavuta harufu. "Karafuu," akasema, na akazitoa moja moja akaziweka kwenye kisahani. Picha mbili zilikuwa na madoa ya hudhurungi, madogo, umbo la karafuu kabisa, kichwa na mguu. Akanionyesha bila ya kumlaumu bibi. Wazee wetu walilinda kwa walichokuwa nacho.

Huyu Fundi ni mtu wa miaka 70 na kitu. Baba yake alikuwa msafisha picha, na chumba cha giza kilikuwa humu humu dukani, sasa ni stoo. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya injini za ndege miaka 22 kabla ya kurudi kwenye duka la baba yake. Ndiyo maana anazijua picha na anazijua ndege, na sidhani kama visiwani yuko mwingine aliyezikutanisha fani hizo mbili mkononi mwake. Watu huniambia ningekwenda Capital Art Studio pale Kenyatta Road, iliyofunguliwa 1930. Kwa Zanzibar ya zamani sawa, nenda, picha zao hazina mfano. Zangu hazikupigwa Zanzibar.

Akaiweka ile ya fremu, ya kundi la vijana 14 katika safu tatu, akaweka na ya asili ubavuni mwake. Akanipa kioo cha kukuzia.

"Hapa mbele ya kofia palikuwa na nini?"

"Doa," nikasema.

"Doa gani linakaa mahali pamoja kwa watu 14?"

Nikainama na kioo. Kila kijana kwenye ile picha ya asili ana kofia ya kukunja iliyolazwa upande, na mbele ya kofia kuna ukanda mweupe. Wote 14. Kwenye ya fremu hakuna hata mmoja. Yule kijana wa kompyuta alizifuta moja moja, na alifanya kwa uangalifu, huoni mahali alipopita.

"Zamani kusafisha picha kulikuwa kuitoa," Fundi akasema. "Unaitia kwenye dawa, kilichojificha kinatokea. Siku hizi kusafisha ni kufuta."

Ule ukanda mweupe ni kitambaa. Katika jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita vya Pili, anayesomea kuruka alikichomeka mbele ya kofia, na akihitimu alikitoa. Kwa hiyo hawa 14 si marubani. Ni wanafunzi. Akanitafutia na jambo la pili: kwenye mkono wa shati la kila mmoja kuna alama ya rafadha ya mapanga mawili, cheo kidogo walichopewa wakiwa mafunzoni. Picha iliyokuwa sebuleni kwa mama kama "marubani wa vita" ilikuwa picha ya darasa. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na nilipoitazama tena niliona kweli ni darasa: wa mbele wamekaa magoti pamoja, wa nyuma wananyanyua shingo waonekane.

Alikwenda nazo hivyo, moja moja, wala hakutoka kwenye moja kuingia nyingine mpaka amemaliza.

Ile ya ndege yenye mabawa mawili mawili, la juu na la chini, ni Tiger Moth, ndege ya mbao, chuma na kitambaa iliyotumika kuwafunza wanaoanza. Ina mashimo mawili ya kukaa, moja mbele ya jingine, wazi juu. Mwalimu hukaa mbele na mwanafunzi nyuma, na maneno ya mwalimu hupita kwenye mpira mpaka masikioni mwa mwanafunzi. Ukiruka peke yako unakaa nyuma, maana bila ya uzito pale nyuma ndege haikai sawa. Kwenye picha yetu kijana yuko nyuma na mbele hakuna mtu. Nikaruka kwa furaha: basi hii ni siku aliyoruka peke yake mara ya kwanza! Fundi akanituliza. "Yawezekana. Na yawezekana alipanda apigwe picha akashuka. Injini imezimwa, rafadha imesimama. Andika 'yawezekana'." Nimeandika.

Ubavuni mwa ndege hiyo kuna alama ya duara, na duara la nje kabisa ni jeusi. Mwanangu alikuwa ametafuta kwenye intaneti nchi yenye alama ya namna hiyo, asiione. Fundi akasema lile duara ni la manjano, na ndege yenyewe ni ya manjano, rangi ya ndege za mafunzo ili zionekane kutoka mbali. Filamu za kawaida za miaka ile, kama Verichrome ya Kodak, ziliona vizuri buluu na kijani lakini nyekundu hazikuiona, na manjano ziliiona vibaya, ikatoka nzito. Buluu nayo ikatoka hafifu. Akaniambia nitazame mbingu: nyeupe kama karatasi, wala si mawingu. Mbingu ilikuwa buluu tupu.

Kuna picha ya kisanduku chenye mabawa mafupi na mkia, kimekaa juu ya kigoda, kijana ameingia mpaka kifuani. Kaka alikuwa akiiita ndege ya watoto. Hiyo ni mashine ya Link, ya kujifunzia kuruka ukiwa ndani ya chumba. Aliitengeneza Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, na kisanduku hicho kilichezeshwa kwa mvukuto wa vinanda hivyo. Mwanafunzi hufungiwa kifuniko asione nje, akaongozwa na vipimo peke yake. Fundi alikaa na picha hii muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa kazi yangu, na sikumkatisha. Macho yake yalikuwa ya kijana.

Sasa nifike kwenye kanga.

Nyuma ya ile ya Tiger Moth kuna maandishi ya penseli: "G. Fowl, Sept 42". Sisi nyumbani tulilisoma kama jina la mtu. Tuliamini tumempata. Kaka yangu amemtafuta Bwana Fowl wa Uingereza kwa miaka miwili, ameandika barua, ameandikia watu wenye jina hilo ambao hawatujui, mmoja akamjibu kwa upole kwamba kwao hakuna aliyewahi kufika Afrika. Mama alikuwa ameanza kulitamka jina hilo katika dua zake.

Fundi akalitazama. Akainuka, akateremsha kitabu kinene kisicho na jalada, akafunua.

"Si mtu," akasema. "Ni mahali. Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo. Karibu na mji wa Gwelo, siku hizi Gweru. Waingereza walihamishia huko mafunzo ya kuruka kwa sababu mbingu ni safi na Mjerumani hafiki. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Belvedere, Salisbury, siku hizi Harare, Mei 1940, na vikafuata vingine. Skuli namba 26 ilikuwa pahala paitwapo Guinea Fowl." Akanitazama juu ya miwani. "Wewe mwalimu. Guinea fowl ni ndege gani kwa Kiswahili?"

Nasomesha Kiingereza darasa la sita. Nilifungua mdomo na neno likakwama, maana nilisikia sauti ya bibi kabla sijasikia yangu.

Kanga.

Alifunzwa kuruka kwa Kanga. Bwana Shamba alimfasiria mkewe jina la kituo, neno kwa neno, naye akalitunza kama alivyopewa miaka 40, na sisi tukalifanya nguo. Nililia pale dukani. Fundi akatoka nje akaagiza kahawa, akakaa barazani na watu mpaka niliponyamaza. Hilo pia nalihesabu katika huduma.

Mara ya pili nilikwenda baada ya wiki tano. Aliniambia wiki moja. Simu hapokei, na ukituma ujumbe anajibu "bado" siku ya tatu. Nilikasirika, na safari ya boti si ya bure. Lakini nilipofika nikaona sababu. Picha nne zilikuwa zimenasa nyuma karatasi nyeusi, mabaki ya albamu ya zamani zilikobanduliwa, naye alikuwa akizilainisha kwa unyevu kidogo kidogo, leo upana wa kucha, kesho upana wa kucha. Chini ya karatasi ya moja kulikuwa na muhuri wa duka la dawa lililosafisha filamu: Gwelo.

Na hapo akaniambia, "Mara ile nilikosea." Kwa sababu kwenye picha ya ndege kubwa, yenye bawa moja kila upande na injini ya duara, alikuwa amenisomea herufi EX na tarakimu mbili ubavuni, ya tatu imezibwa na bega la mtu. EX ni namba za ndege aina ya Harvard zilizotoka Marekani, si kabla ya 1942, ndege ya hatua ya pili ya mafunzo, nzito na yenye kelele, magurudumu yanakunjwa. Huko Rhodesia Harvard zilifunziwa Cranborne, kule Salisbury, na Thornhill, pale Gwelo. Mara ya kwanza alisema Cranborne, kwa kutazama paa la jengo. Muhuri ukamrudisha Thornhill, skuli namba 22. Njia imenyooka: Kanga kwa Tiger Moth, kisha Thornhill kwa Harvard, mji ule ule. Thornhill mpaka leo ni kituo cha jeshi la anga la Zimbabwe.

Picha ya mabawa ni ya vijana watatu, wameshikana mabegani, kitambaa cheupe kofiani hakipo tena, na juu ya mfuko wa kushoto wa shati kila mmoja ana beji ya mabawa mawili, yaani rubani. Angekuwa wa kuongoza njia au wa bunduki beji ingekuwa na bawa moja tu. Hapo ndipo wanafunzi wamekuwa marubani.

Jambo jingine nalieleza kwa sababu liliniuma. Kuna picha ya Waafrika sita wameshika ncha za mabawa ya Tiger Moth, wanaisukuma. Fundi akaniambia kulikuwa na kikosi, Rhodesian Air Askari Corps, kililinda viwanja na kufanya kazi zake. Nyuma ya picha hiyo pameandikwa namba ya ndege. Majina ya watu hakuna.

Majina yapo nyuma ya ile picha ya darasa, nasi hatukuwahi kuyaona, maana penseli imefutika kwa kusuguana na karafuu. Fundi alizima taa ya dari, akawasha tochi ndogo na kuilaza ubavuni, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la alasiri linavyopita juu ya mchanga. Mifereji ya penseli ikanyanyuka. Safu ya nyuma, majina matano. Safu ya kati, majina. Safu ya mbele, majina. Niliandika kwenye daftari anavyosoma, mkono unanitetemeka, nikayahesabu: 13.

Vijana ni 14.

Safu ya kati, wa tatu kutoka kushoto kwa mwenye kutazama, mahali pa jina pameandikwa neno moja la Kiingereza, kusema "mimi mwenyewe".

Nilikuwa na majina ya watu 13 nisiowatafuta, na la huyu mmoja hakuliandika, maana nani huandika jina lake nyuma ya picha yake. Lakini uso tulikuwa nao. Si yule mrefu wa kaka. Ni mfupi kiasi, masikio yamesimama, hacheki, ametazama kidogo pembeni ya kamera kama aliyeitwa. Fundi hakuniachia nifurahi mpaka akamtafuta kwenye picha nyingine, na yumo: ni wa kulia kati ya wale watatu wenye mabawa.

Mwenye picha ni huyo, sawa, lakini tutajuaje kuwa ni Bwana Shamba wetu na si rafiki aliyempa picha zake? Niliuliza mimi, na nashukuru niliuliza, maana jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Akapanga mezani picha nane ndogo, akatia na ile ya bibi. Bibi yuko barazani Wete, kijana, amekaa kwenye kiti cha mkeka, na sakafuni mbele yake kimelala kivuli cha mpiga picha mwenye kofia pana. Akanionyesha pembe ya juu kulia. Pana alama nyeupe, ndogo, imepinda kama mkato wa kalamu. Akahamia picha ya Link: pembe ile ile, alama ile ile. Tiger Moth: ipo. Askari: ipo. Zote nane.

Ni tundu kwenye mvukuto wa kamera, zile kamera za kukunja. Mwanga unapenya hapo na kuiunguza filamu mahali pamoja kila mara. Kamera iliyokuwa Gwelo 1942 ndiyo iliyompiga bibi Wete karibu miaka kumi baadaye, na haikuzibwa tundu. Fundi akasema kamera huweza kubadilisha mikono, ila ukiweka kamera, na kopo, na neno la kanga pamoja, yeye ameridhika. Mimi pia.

Na kwenye nakala ya fremu ya Tiger Moth, iliyosafishwa kwa 25,000, ile alama nyeupe haimo. Waliifuta.

Bei yake: kusoma picha 5,000 kila moja, kuskani 3,000, na kuchapa kwenye karatasi nzuri 10,000. Mimi nililipa 128,000 kwa zote 11 na chapa nne. Si kidogo kwa mshahara wa mwalimu, lakini anakueleza bei kabla ya kuanza na haiongezeki. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake na wewe unatia sahihi. Anafunga adhuhuri mpaka baada ya alasiri. Umeme ukikatika hafanyi kazi, na hataki jenereta kwa ajili ya skana. Hakuruhusu kurekodi kwa simu anapozungumza, kwa hiyo nenda na daftari.

Tulihitilafiana kwenye jambo moja na mpaka leo sijakubaliana naye. Mama alitaka picha moja itiwe rangi. Fundi alikataa kabisa. "Rangi nitakayoitia itakuwa yangu, si ya siku ile." Nilimkumbusha kuwa manjano ya ndege anaijua kwa yakini. Akasema, na macho ya kijana je? Sawa, lakini mama ni mtu mzima, na ni baba yake, na angeweza kupewa nakala moja ya rangi iliyoandikwa nyuma kuwa rangi ni ya kudhania. Natumai ataisoma hii na kulifikiria tena.

Alinipa pia karatasi yenye la kufanya mbele. Kumbukumbu za utumishi za askari wa Uingereza huombwa serikalini kwao. Daftari za siku za vituo vya mafunzo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew, London, fungu la AIR 29. Darasa la watu 14, majina 13, skuli namba 26, Septemba 1942: jina la 14 ndilo tunalolitafuta. Rhodesia ilipitisha zaidi ya watu 8,000 katika mafunzo hayo, na sasa tunatafuta mmoja katika darasa moja. Kaka ameanza kuandika barua upya. Hakusema neno kuhusu yule mrefu.

Nilimpelekea mama chapa usiku, baada ya isha. Niliivua ile ya fremu ukutani nikaiweka kando. Nikamshika kidole nikakipeleka safu ya kati, wa tatu. Akamtazama. Akaniomba na ile ya bibi, akaziweka mbili pamoja mapajani, akawa anakipitisha kidole kutoka kwenye uso kwenda kwenye kivuli cha sakafuni na kurudi.

"Ana miaka mingapi hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia hatujui bado, huenda 20, huenda 21.

"Mdogo," akasema. "Mdogo kuliko mjukuu wangu."

Mapakacha 14 ya shokishoki ningempa Fundi kama yangekuwa ndiyo fedha, maana mama ameagiza nisirudi kwake mikono mitupu. Msimu umeanza, pakacha limeshafungwa, nami natoka na boti ya Alhamisi.